Kutaka Makuu: Biblia Ina Maana Gani?

Kwa Kiswahili, ukiambiwa una makuu ujue umelaumiwa. Wengi tumeingia na lawama hiyo hadi kanisani, tukaamini kwamba Yesu alikataza mtu kutamani ukubwa. Hebu soma Marko 10:35-45 polepole.

Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, wanaomba waketi mmoja kuume na mwingine kushoto kwa Yesu katika utukufu wake. (Mathayo anasema mwombaji alikuwa mama yao.) Wale wanafunzi kumi wengine wanakasirika, wala sidhani kwamba walichukia dhambi, Luka anasimulia kuwa hata usiku wa karamu ya mwisho walikuwa wakibishania nani mkubwa. Yesu hawaambii waache kutaka. Anasema anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi, na anayetaka kuwa wa kwanza awe mtumwa wa wote.

"Mtumishi" hapo ni diakonos kwa Kigiriki, neno lililomhusu pia mtu anayeandalia wengine mezani. Neno hilohilo ndilo tunalolitafsiri "shemasi". Inaniuma kwamba jina la mwandalia meza limekuwa cheo, na cheo chenyewe watu wanakigombania.

Kinacholaaniwa katika Wafilipi 2:3 na Yakobo 3:14 kina jina lake kwa Kigiriki: eritheia. Mwanafalsafa Aristotle alilitumia neno hilo kwa wanaosaka madaraka ya mji kwa hila na makundi. Diotrefe, mtu wa kanisani anayetajwa katika waraka wa 3 Yohana, ni mfano hai: alipenda kuwa wa kwanza, akakataa kuwapokea ndugu, na waliotaka kuwapokea akawafukuza kanisani. Yaani alizuia hata huduma ya wengine. Paulo naye alikuwa na shauku kubwa, ila shauku yake ilikuwa kuhubiri pale ambapo Kristo hajatajwa (Warumi 15:20). Na anayetamani uaskofu, asema 1 Timotheo 3:1, atamani kazi njema. Kazi, si kiti.

Na unyenyekevu je? Si kujidharau, wala kusema "mimi siwezi" huku unaweza. Yohana 13 inaanza kwa kutuambia kwamba Yesu alijua Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu na kwa Mungu anakwenda. Akijua hayo, akaondoka mezani, akajifunga kitambaa, akatia maji katika bakuli, akaanza kuwaosha wanafunzi miguu. Hakusahau yeye ni nani ndipo akainama. Aliinama kwa sababu hakuwa na cha kulinda. Petro alikataa kuoshwa miguu, na namwelewa: bwana akishika miguu yako, mpango wote uliouzoea wa nani yuko juu ya nani unavunjika.

Zile nafasi mbili walizoziomba wana wa Zebedayo Marko anazitaja tena katika sura ya 15. Ni pale msalabani: wanyang'anyi wawili, mmoja kuume kwake, mmoja kushoto.