Simu kuwa nzito si lazima iwe njama

Simu ikizeeka na kuwa nzito, wengi husema kampuni imeipunguza kasi makusudi ili tununue mpya, na mfano unaotajwa ni Apple. Ni kweli ilikiri Desemba 2017 kwamba baadhi ya iPhone, kuanzia iPhone 6, zilipunguzwa kasi na sasisho la programu. Lakini sababu yenyewe watu huiruka.

Betri ya lithiamu ikichakaa, ukinzani wake wa ndani huongezeka, yaani umeme hutoka kwa shida. Ukifungua kamera au mchezo mzito, prosesa, yaani ubongo wa simu, hudai umeme mwingi kwa mkupuo, volteji inashuka, na simu inazima ghafla ilhali kioo kilionyesha chaji bado ipo. Sasisho lile lilizuia prosesa isidai umeme kuliko uwezo wa betri. Ukiweka betri mpya, kasi inarudi! Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote.

Siitetei Apple. Iliwaficha wateja, na hilo ni kosa kubwa, maana mtu alinunua simu nzima wakati alihitaji betri tu. Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 mwaka 2020 kwa kutowaarifu walaji. Kabla ya faini hiyo, kelele za wateja zilifanya bei ya kubadilishiwa betri Marekani ishushwe kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka 2018.

Kwa hiyo kabla hujatafuta simu nyingine, fungua mipangilio uangalie afya ya betri, au mwambie fundi aipime.