Degedege lisilokoma: ni dawa gani itolewe kabla mgonjwa hajafika hospitali?

Swali: Degedege huanza kuhitaji dawa baada ya muda gani?

Baada ya dakika 5. Mara nyingi degedege hukoma lenyewe kabla ya hapo. Likiendelea, vipokezi vya ubongo (sehemu za seli zinazopokea dawa) ambavyo dawa za kutuliza degedege huvitegemea huanza kuzama ndani ya seli, na ndiyo maana dozi ambayo ingetosha mapema hushindwa baadaye.

Swali: Kati ya diazepamu, lorazepamu na midazolamu, ipi ni bora?

Zote ni za kundi moja, benzodiazepini, na mgonjwa aliyekwisha kuwekewa kanula (mrija mwembamba wa mshipani) anaweza kupewa lorazepamu au diazepamu kupitia mshipa. Lakini mgonjwa anayekutwa nyumbani au barabarani hana kanula, na kumtafutia mshipa mtu anayetukutika hula dakika za thamani. Utafiti wa RAMPART, uliofanywa na wahudumu wa magari ya wagonjwa nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2012, ulilinganisha midazolamu ya kuchoma kwenye msuli (miligramu 10 kwa wenye uzito unaozidi kilo 40) na lorazepamu ya mshipani. Waliofika hospitali degedege likiwa limekoma bila kuongezewa dawa nyingine walikuwa asilimia 73 kwa midazolamu na asilimia 63 kwa lorazepamu. Lorazepamu ilifanya kazi haraka zaidi ikishaingia mwilini, ila ilichelewa kuingia. Kwa maoni yangu, kasi ya kuifikisha dawa mwilini ndiyo ya kuzingatia kuliko jina la dawa.

Swali: Na palipo na diazepamu peke yake?

Isichomwe kwenye msuli, kwa kuwa hufyonzwa polepole na kwa kiwango kisichotabirika. Mtoto asiyepatikana mshipa hupewa kwa njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito.

Swali: Je, dawa hizi haziwezi kusimamisha pumzi ya mgonjwa?

Zinaweza kuipunguza, kwa hiyo mhudumu huwa tayari na oksijeni, mfuko wa kupulizia hewa na mashine ya kunyonya makohozi. Hata hivyo, katika utafiti wa San Francisco wa mwaka 2001, waliopata matatizo ya kupumua au ya mzunguko wa damu walikuwa wengi zaidi miongoni mwa waliopewa dawa bandia (ya kulinganishia, isiyo na tiba) kuliko waliotibiwa kwa benzodiazepini, maana degedege lenyewe hudhuru upumuaji. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu hofu hiyo huwafanya baadhi ya wahudumu watoe nusu dozi, kisha nusu nyingine, na degedege likaendelea kuota mizizi.

Swali: Dozi ya kwanza isipofaulu?

Sukari ya damu, ambayo hupaswa kupimwa mapema, ipimwe mara moja ikiwa bado, kwa kuwa ikishuka sana inahitajika glukosi. Dozi ya pili inaweza kutolewa baada ya dakika 5 hivi. Baada ya hapo mgonjwa huhitaji dawa za kundi jingine, kama levetirasetamu, fenitoini au valproeti, na hospitali iambiwe kilichotolewa, kiasi chake na saa yake, ili asirundikiwe benzodiazepini.