Ada ya utangazaji wa umma: mpini uko mkononi mwa nani?

Kila ninapoalikwa kuzungumza na wananchi kuhusu utangazaji wa umma, kuna mkono unaonyoshwa kabla sijamaliza salamu. "Mimi kituo hicho sikitazami. Kwa nini nikilipie?" Kwa kawaida muulizaji ameshakasirika, na wakubwa wa mashirika haya wamezoea kumjibu kama mtu asiyeelewa. Anaelewa vizuri sana. Nimefuatilia sera za utangazaji kwa muda mrefu na bado naliona swali lake kuwa gumu kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa kuzunguka kidogo.

Ada ya leseni ilizaliwa wakati jibu lilikuwa jepesi. Novemba 1922 Uingereza ilianza kuuza leseni ya kusikiliza redio kwa shilingi 10 kwa mwaka, na muuzaji alikuwa Posta, maana ndiye aliyesimamia mawasiliano yote ya simu za upepo. Mawimbi ya redio yana tabia moja inayomkera mfanyabiashara: yakishatoka mnarani hayachagui nyumba ya kuingia. Huwezi kumnyima asiyelipa, na anayesikiliza hampunguzii jirani yake hata neno moja. Kwa hiyo ikaonekana bora kutoza chombo chenyewe. Una redio, lipa. Runinga ilipoingizwa kwenye mpango huo mwaka 1946, leseni ikawa pauni 2. Runinga ya rangi ikapewa leseni yake Januari 1968, pauni 10. Mpaka leo wapo Waingereza maelfu kadhaa wanaokata leseni ya runinga ya nyeusi na nyeupe, ambayo kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025 ilikuwa pauni 58.50 badala ya 174.50. Sijapata bahati ya kukutana na mmoja wao.

Kutoza chombo hakuna maana tena. Runinga sasa ni simu, ni kompyuta, ni kioo cha gari. Na mawimbi yanaweza kufungwa kwa king'amuzi, asiyelipa asione kitu. Ndiyo maana muulizaji wetu ana haki ya kuendelea: kama mnaweza kufunga, fungeni, alipe anayetazama.

Inawezekana kabisa, lakini tazama kinachofuata. Kipindi kikishatengenezwa, mtazamaji wa milioni moja haongezi gharama yoyote. Kumfungia nje ni hasara tupu. Tena kituo kinachoishi kwa usajili kitatengeneza kile wanachokipenda wenye uwezo wa kujisajili. Hakitaweka mwandishi katika wilaya yenye watu wachache, wala hakitasoma habari kwa lugha ya watu elfu hamsini. Taarifa ya mafuriko haina mteja mpaka siku maji yanapoingia ndani. Halafu kuna faida isiyopita kwenye kioo hata kidogo: diwani anayejua kwamba kesho asubuhi ataulizwa hewani kuhusu zabuni ya barabara hujizuia leo, na barabara hiyo hupitwa na aliyesikiliza na asiyesikiliza. Kituo usichokitazama kinaweza kukufanyia kazi. Siyo kila kituo cha umma kinaifanya kazi hiyo, nalikubali hilo, lakini kinachoifanya hakiwezi kumlipisha anayenufaika kwa kumfungia mlango.

Na kwa nini iwe lazima? Kwa sababu ikiwa hiari, kila mtu atamsubiri jirani. Marekani walichagua mchanganyiko wa michango ya hiari na fedha za serikali kuu zilizopitia shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Julai 2025 bunge lao lilizifuta dola bilioni 1.1 zilizokwisha kuidhinishwa, na mwezi uliofuata shirika hilo likatangaza kufunga shughuli zake. Vituo vya miji mikubwa vina wafadhili wa kukimbilia. Walioumia zaidi ni vituo vidogo vya vijijini, vile ambavyo fedha hizo zilikuwa sehemu kubwa ya bajeti yao. Mkono mtupu haulambwi.

Basi mimi niko upande wa malipo ya lazima. Ila "lazima" peke yake haijasema jambo muhimu. Kuna aliyeshika mpini na kuna aliyeshika makali, na katika biashara hii ya fedha za utangazaji mpini ni uwezo wa kupanga kiwango na kukizuia. Fedha ikipita kwenye bajeti ya kila mwaka, mpini uko kwa waziri wa fedha. Hahitaji kumpigia simu mhariri. Mhariri mwenyewe anajua ni mwezi gani bajeti inaandaliwa, na habari fulani itasubiri.

Mfano ninaoupenda ni wa senti 86. Ujerumani iliachana na ada ya chombo Januari 2013 na kuanza kutoza kila kaya, iwe na runinga au isiwe nayo: euro 17.98 kwa mwezi, baadaye ikashuka hadi 17.50. Wanaoishi kwa misaada ya jamii huomba msamaha wa ada na kupewa. Watu waliwaka, wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama ya Katiba iliyoko Karlsruhe ikasema mfumo ni halali, kwa kuwa kinacholipiwa ni nafasi ya kupokea matangazo, utumie usitumie. Ila mwenye nyumba mbili asitozwe mara mbili. Kiwango hakipangwi na waziri. Mashirika hupeleka mahitaji yao kwenye tume huru ya wataalamu 16, mmoja kutoka kila jimbo, nayo hupitia hesabu mstari kwa mstari na kupunguza inachokiona ni ulafi. Kisha mabunge ya majimbo yote lazima yaridhie.

Mwaka 2020 tume ilipendekeza kiwango kipande hadi euro 18.36. Majimbo kumi na matano yalikuwa tayari. Katika jimbo la Saxony-Anhalt serikali ya mseto ilikaribia kuvunjika kwa ajili ya senti hizo 86, na Desemba mwaka huo waziri mkuu wa jimbo akauondoa muswada bungeni bila kura. Nchi nzima ikakwama. Majira ya joto ya 2021 Karlsruhe ikaamua kwamba jimbo moja halina ruhusa ya kuzuia mapendekezo ya tume bila sababu inayokubalika kisheria, na ikaagiza kiwango kipya kitumike. Mwanasiasa aliunyoosha mkono kuelekea kwenye mpini, mkono ukapigwa. Ni nchi chache ambako ningeweza kukuonyesha jambo hilo likitokea.

Sasa geuka utazame Ugiriki, kwa sababu wanaoitetea ada huwa wanapenda kuiruka. Wagiriki walikuwa wakilipia shirika lao la ERT kupitia bili ya umeme, njia ambayo wataalamu wengi huisifu. Jioni ya 11 Juni 2013 msemaji wa serikali akatangaza kwamba shirika linafungwa. Kabla ya usiku wa manane mitambo ikazimwa na vioo vikawa vyeusi, mtangazaji akiwa bado kazini. Wafanyakazi walikataa kutoka jengoni, wakaendelea kurusha matangazo kwa intaneti. ERT ilirudi Juni 2015, baada ya serikali nyingine kuingia. Wananchi walikuwa wamelipa, tena kwa wakati. Ada haikuwakinga kwa lolote, maana sheria ilimwachia waziri njia ya kulizima shirika zima kwa amri.

Slovakia ilikwenda hatua kwa hatua. Julai 2023 ada ilifutwa na shirika likawekwa kwenye bajeti ya serikali. Wengi walishangilia, nani asiyefurahi kupunguziwa bili? Mwaka uliofuata shirika lenyewe likavunjwa, na 1 Julai 2024 likaanza jipya lenye jina jipya na uongozi wa kuteuliwa upya.

Ufaransa nao walifuta euro 138 zao mwaka 2022 na kuweka mahali pake sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani. Hapa nina neno. Hakuna Mfaransa aliyeacha kulipa. Anailipa kila anaponunua sabuni, isipokuwa haioni. Wengine husema huko ndiko kustaarabika. Mimi naona bili inayoonekana ina kazi yake, hata kama inaudhi. Mwaka 2023 Waayalandi walipogundua kwamba shirika lao la RTÉ lilikuwa likimlipa mtangazaji wake maarufu zaidi ya kiasi lilichokuwa likitangaza, maelfu kwa maelfu walikataa kukata leseni ya euro 160. Vigogo wakaitwa bungeni wiki baada ya wiki kujieleza. Ingekuwa kodi ya sabuni, wangekataa nini?

Kukusanya kwenyewe ni somo linalojitegemea, nitalipitia haraka. Afrika Kusini leseni ni randi 265 kwa mwaka, haijapanda tangu 2013, na zaidi ya wanane kati ya kumi wanaotakiwa kulipa hawalipi. SABC, shirika lao la utangazaji wa umma, inaishi zaidi kwa matangazo ya biashara. Ghana ilifikia hatua ya kutenga mahakama maalumu za wadaiwa mwaka 2018, na walichovuna zaidi ni kejeli. Italia iliiweka ada kwenye bili ya umeme mwaka 2016, ikashusha kiwango kutoka euro 113.50 hadi 100, na wakwepaji wakapungua sana. Korea Kusini ilifanya hivyo hivyo tangu 1994, won 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1981. Mwaka 2023 serikali iliyokuwa ikiilalamikia KBS, shirika la umma la huko, ikaamuru ada itenganishwe na bili ya umeme. Haikugusa kipindi hata kimoja.

Lililo baya zaidi katika mfumo wa zamani, na ambalo sitalitetea, ni kumfanya asiyelipa kuwa mhalifu. Uingereza bado ni kosa la jinai, faini hadi pauni 1,000. Mkaguzi hubisha hodi, mara nyingi mchana. Humhoji aliyefungua mlango, hujaza fomu, na jina lililo kwenye fomu ndilo linaloitwa mahakamani, hata kama bili za nyumba ile hulipwa na mtu mwingine. Ndiyo maana zaidi ya theluthi mbili ya wanaoshtakiwa ni wanawake. Wao ndio walioko nyumbani. Na ada yenyewe ni ileile kwa muuguzi na kwa mwenye benki. Wafini walilitatua hili mwaka 2013 kwa kuifanya kodi ya mtu mmoja mmoja inayofuata kipato, yenye kikomo cha juu. Uswidi wakafuata 2019. Kwa haki ya mlipaji, sijaona iliyo bora kuliko hiyo. Deni la utangazaji lidaiwe kama deni la maji.

Kwa hiyo nikiletewa muswada wa aina hii, siangalii kwanza ni shilingi ngapi. Natafuta kifungu kinachotaja nani anapanga kiwango na kinadumu miaka mingapi, kisha kile cha uteuzi wa bodi, kisha natafuta kama kuna neno linalomruhusu waziri kusimamisha malipo au kulifunga shirika "kwa maslahi ya taifa". Mara nyingi neno hilo limefichwa kwenye vifungu vya mwisho, karibu na majedwali. Hati inayoiendesha BBC inakwisha 31 Desemba 2027, na mabishano ya huko mpaka sasa yamejaa pauni tu. Ujerumani nako tume ilipendekeza nyongeza nyingine ya senti 58 kuanzia Januari 2025. Majimbo yakashindwa kukubaliana, na Novemba 2024 mashirika yakabeba makabrasha yao kurudi Karlsruhe.