Mkono wa Kushoto wa Sandy Koufax: Dhana na Ukweli

Sandy Koufax, mrushaji wa besiboli wa Marekani, aliacha kucheza mwaka 1966, na tangu hapo simulizi zake zinaongezwa chumvi kila zinapopita mdomo hadi mdomo. Aliichezea timu ya Dodgers peke yake, kwanza Brooklyn alikozaliwa, kisha Los Angeles timu ilipohamia huko mwaka 1958. Kwa aliyezoea kriketi, mrushaji wa besiboli hana tofauti kubwa na yule anayemrushia mpira mwenye gongo, ila huyu hakimbii. Anasimama juu ya tuta la udongo, mita 18 na kitu kutoka kwa mpigaji, na mpira haudundi chini. Mpira mzuri ambao mpigaji ameukosa au ameuacha upite huitwa straiki; straiki tatu, mpigaji anatoka. Koufax aliwatoa wapigaji hivyo mara 2,396. Hilo halina ubishi. Chumvi iko kwenye mengine, kama madai haya.

“Alikuwa moto tangu siku ya kwanza.”

Hapana kabisa. Mchezo wake wa moyoni ulikuwa mpira wa kikapu, na ndio uliompeleka Chuo Kikuu cha Cincinnati. Dodgers walimsajili mwishoni mwa 1954 kwa dola 14,000 za kusaini, na fedha hizo zikamponza. Kanuni za wakati ule zilisema kijana aliyelipwa zaidi ya dola 4,000 lazima akae miaka miwili kwenye kikosi kikubwa. Wenzake walipelekwa timu za chini wakakosee huko wakajifunze. Yeye alikaa benchi akiwatazama wakubwa, na alipopewa mpira aliurusha kwa nguvu zote bila kujua utatua wapi. Siku moja moja aling'ara, kama Agosti 1959 alipowatoa watu 18 katika mechi moja, halafu anapotea tena. Misimu sita ya kwanza alishinda mechi 36, akapoteza 40.

Kilichombadilisha ni neno la mdakaji wake, yaani anayedaka mpira nyuma ya mpigaji, Norm Sherry, katika mechi ya maandalizi huko Florida mwaka 1961: punguza nguvu kidogo, mpira utakwenda unakotaka. Ushauri wa kuchekesha kumpa mtu ambaye mali yake yote ni kasi. Alipunguza, na mwaka huohuo akashinda mechi 18 na kuweka rekodi ya ligi yake kwa kuwatoa wapigaji 269.

“Aliikataa fainali ya 1965 kwa sababu ya dini.”

Aliikataa mechi moja tu kati ya saba. Mechi ya kwanza ya World Series, ndiyo fainali yenyewe, dhidi ya Minnesota, iliangukia tarehe 6 Oktoba, siku ya Yom Kippur, ambayo Wayahudi hufunga na kutubu. Koufax hakuwa mtu wa ibada sana, lakini siku ile hakurusha. Wala hakuwa wa kwanza: Hank Greenberg wa Detroit aliacha mechi kwa sababu hiyohiyo mwaka 1934.

Wapo wanaodai eti aliigharimu timu. Kweli Don Drysdale alisimama badala yake wakafungwa 8-2, lakini kesho yake Koufax mwenyewe alirusha wakafungwa 5-1. Akarudi mechi ya tano wakashinda 7-0, kisha ya saba, baada ya kupumzika siku mbili tu. Siku hiyo mpira wake wa kupinda ulimkataa kabisa, akawa anarusha ule wa kasi karibu peke yake, wapigaji wanajua kinachokuja na bado hawaupati. Dodgers 2, Minnesota 0.

“Aliondoka kiwango kikiwa kimeshuka.”

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Msimu wake wa mwisho alishinda mechi 27, akaruhusu wastani wa pointi 1.73 kwa kila raundi 9, yaani mechi nzima, na akapewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, kwa kura zote, enzi ambazo ligi zote mbili kuu za Marekani zilikuwa na tuzo moja tu. Alikuwa na miaka 30. Pesa nazo hazikuwa sababu, kwani aliacha mshahara wa dola 125,000.

Sababu ilikuwa kiwiko. Agosti 1964 aliuangukia mkono akijitupa kurudi kwenye kituo, mahali ambapo mkimbiaji huwa salama, na daktari Robert Kerlan akagundua baridi yabisi iliyotokana na kuumia. Machi 1965, asubuhi baada ya kurusha mechi nzima ya maandalizi, aliamka mkono umekuwa mweusi kwa damu iliyovilia ndani. Walikubaliana arushe mara moja tu kwa wiki. Makubaliano hayo yakasahaulika: mwaka ule alianza mechi 41 na kuwatoa wapigaji 382.

Kabla ya mechi alichuliwa dawa ya pilipili inayounguza ngozi. Alimeza dawa ya maumivu ambayo madaktari wa mifugo huwapa farasi, akadungwa sindano za kotisoni kiwikoni, na mechi ikiisha mkono unazamishwa kwenye barafu. Ulikuwa umejikunja kiasi kwamba fundi alimpunguzia mkono wa kushoto wa koti. Novemba 1966 aliwaambia waandishi wa habari kwamba bado ana miaka mingi ya kuishi, na anataka kuiishi akiwa na mwili mzima.

“Takwimu zake ni za uwanja tu.”

Hapa kuna ukweli kidogo. Dodger Stadium, uliofunguliwa 1962, uliwapendelea warushaji, na matuta ya zamani yalikuwa ya juu zaidi, jambo linalomsaidia mrushaji, hadi yalipopunguzwa 1969. Lakini warushaji wote wa ligi walipanda matuta hayohayo, na yeye ndiye aliyeongoza kwa wastani mdogo wa pointi alizoruhusu miaka mitano mfululizo. Juni 1964 aliwanyima timu ya Philadelphia hata pigo moja halali, nyumbani kwao.

“Aliaga kwa ushindi.”

Watu wanachanganya na tarehe 2 Oktoba 1966, alipoipa Dodgers ubingwa wa ligi. Mechi yake ya mwisho ilikuwa siku nne baadaye, fainali dhidi ya Baltimore, mwaka mmoja kamili tangu ile Yom Kippur. Katika raundi ya tano Willie Davis, mlinzi wa katikati, alipoteza mipira miwili kwenye jua na kufanya makosa matatu. Walifungwa 6-0.