Amotiseri mpya ikigonga, usikimbilie kusema ni feki
Hapa Goma, ambako lava ya volkano ya Nyiragongo ilimwagika hadi katikati ya mji mwaka 2002 na mitaa mingi bado ni mawe matupu, kilio ni kilekile: nimeweka amotiseri mpya (shokapu, kwa majirani wa Tanzania), gari linagonga ko-ko-ko, basi nimeuziwa feki. Mara nyingi sivyo. Amotiseri iliyokufa kwa kawaida huvuja mafuta na kuliacha gari likidundadunda. Mlio wa chuma kugonga mara nyingi hutoka kwenye kitu kilicholegea.

Anza juu, kwenye nati ya katikati inayoshika amotiseri: hakikisha imekazwa. Kisha vijiti vya stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona): vifungue pande zote mbili, vifunge pembeni visiguse kitu, endesha polepole kwenye mawe yaleyale. Kelele ikipotea, umemkamata mwizi.

Kinachonikera zaidi ni fundi kukaza bushi za raba (raba za kwenye maungio ya mikono inayoshika magurudumu) gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Likishushwa, raba inabaki imejipinda, na baada ya muda inachanika. Zilegeze, gari likae chini kwa uzito wake, ndipo ukaze.