Homeopathia: "Haidhuru" Si Jibu Kamili

Ukiuliza Kisumu kama homeopathia, tiba ya dawa zilizozimuliwa mara nyingi, ni salama, wengi watakwambia haiwezi kudhuru kwa kuwa ni ya asili. Mmea wa beladona nao ni wa asili, na ni sumu.

Kinachoamua ni jinsi dawa ilivyozimuliwa. Alama C ni tone 1 katika matone 99 ya maji au spiriti, linatikiswa, kisha hatua inarudiwa. Ikipita 12C, yaani hatua 12, ni vigumu kubaki hata molekuli 1 ya kitu cha mwanzo. Kidonge cha 30C ni sukari tu, hakikupi sumu wala hakikutibu. Alama X huzimua mara 10 tu kila hatua, kwa hiyo 1X au 3X bado ina kemikali halisi. Mwaka 2017, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilikuta vidonge vya homeopathia vya watoto wanaoota meno vikiwa na beladona kuzidi mno kiasi kilichoandikwa.

Ila kwetu kando ya ziwa, kinachoua ni kuchelewa. Malaria inaweza kuwa kali ndani ya saa 24, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilionya homeopathia isitumike kuitibu. Mtoto akiwa na homa, apimwe damu siku hiyo hiyo. Akikutwa na malaria na kupewa dawa ya AL (artemether-lumefantrine), ni dozi 6 kwa siku 3: ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, zilizobaki asubuhi na jioni, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Vidonge vya sukari visihesabiwe kama dozi, na mhudumu aambiwe vipo.