Boga Lako Haliumwi

Wiki hii nimetumiwa picha nne, zote za kitu kimoja: kiboga cha ukubwa wa yai kimegeuka njano nchani, kinalainika, kesho yake kiko chini. Na chini ya kila picha swali ni lile lile: "Bwana shamba, nipulize dawa gani?"

Hakuna dawa. Kiboga hicho hakiumwi. Kimekufa kwa sababu hakuna nyuki aliyelitembelea ua lake asubuhi lilipochanua.

Nimelieleza hili kwenye bustani za uani Kihonda hapa Morogoro, kwenye mashamba ya Mvomero na kwenye simu usiku, na bado watu wanakimbilia duka la pembejeo. Mmea wa boga una maua dume na maua jike, kila moja mbali na mwenzake. Ua jike utalijua kwa kiboga kidogo kilicho chini ya petali hata kabla halijafunguka, na hapo ndipo watu wanapodanganyika wakasema boga limeshatunga. Halijatunga. Hiyo ni ovari tu, inasubiri chavua, yaani unga wa njano wa ua dume. Ua hufunguka alfajiri, na kabla ya saa sita mchana limeshajikunja, halifunguki tena. Chavua ya boga ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Lazima mdudu aingie kwenye ua dume, atoke na unga mwilini, aingie kwenye ua jike, na wenzake waje tena na tena. Wakija wachache, mbegu zinatunga upande mmoja na boga linakua limepinda. Wasipokuja kabisa, mmea unaliangusha.

Mama mmoja alikuwa amepuliza mara tatu kwa wiki mbili. Nikamuuliza, saa ngapi? "Asubuhi na mapema, baba, kabla jua halijawa kali." Saa ile ile nyuki wanapoingia mauani! Nikamwomba, "Mama, kesho usipulize, nisubiri." Saa moja asubuhi tulichuma ua dume, lile lenye kikonyo chembamba kisicho na kiboga, tukaling'oa petali zote kikabaki kijiti chenye unga wa njano kama bizari. Tukakipakaza polepole katikati ya ua jike mpaka stigma, ile sehemu inayopokea chavua, ikashika njano. Tulifanya hivyo kwa maua matano, tukafunga uzi mwekundu kwenye kila kikonyo. Baada ya siku saba manne kati ya hayo yalikuwa yamepita ngumi yangu. Yasiyo na uzi yalikuwa chini.

Ukitaka uhakika, kata kwa kisu kile kilichoanguka. Ukikuta funza weupe ndani, huyo ni nzi wa matunda: okota vyote vilivyodondoka, fukia nusu mita kwenda chini, tega mitego. Usipokuta funza, weka bomba chini. Na siku ambayo kupuliza hakuepukiki, puliza jioni, maua ya boga yakiwa yamefunga.

Hapo wengine hunijibu, "Lakini mimi natumia dawa ya asili." Pareto ni ya asili, tunailima wenyewe Iringa na Mbeya, na inaua nyuki kama inavyoua vidukari. Nafuu yake ni kwamba jua huipunguza nguvu haraka. Nayo ipulize jioni.

"Maua dume hayazai, yanamaliza nguvu ya mmea bure." Nawasihi msiyachume asubuhi! Anayependa mboga ya maua ya maboga, nami naipenda, achume mchana yakishajikunja. Kazi yake yameshaifanya.

"Mimi siwezi kufuga nyuki, wanauma watoto." Sijakuambia ufuge. Duniani kuna zaidi ya jamii 20,000 za nyuki, na wengi wao huishi mmoja mmoja, hawana mzinga wala asali ya kulinda. Wengi huchimba vishimo vidogo kwenye udongo mtupu. Ukimwaga saruji uwanja mzima umewafungia mlango. Hata wale wakubwa weusi wanaotoboa kenchi za paa, ambao watu huwamwagia mafuta ya taa, ndio wanaochavusha pasheni. Nyuki wa asali ni mdogo, anabeba chavua ya pasheni na mara nyingi hata haigusi stigma. Watundikie gogo kavu karibu na pasheni yako. Huenda wakaliacha paa.

Anayesema bila nyuki hakuna chakula kabisa naye anazidisha. Mahindi huchavushwa na upepo, na ndizi tunazokula hazihitaji mchavushaji.

Kuhusu mimea ya asili ya kuwalisha nyuki, kila anayeniuliza anataja mwarobaini. Mwarobaini asili yake ni Asia ya Kusini. Alizeti pori inayochanua njano kandokando ya barabara ilitoka Mexico na Amerika ya Kati. Nyuki wanaiendea, sikatai, lakini inameza kila kinachoota jirani yake. Mwenye eneo kubwa apande mkwaju, huo ni wa Afrika. Mwenye kiuga kama mkeka apande kivumbasi. Hakisumbui, kinatoa maua shada baada ya shada, na saa tatu asubuhi ukisimama karibu utakisikia kinavuma.

Nyuki wa asali huruka kilomita mbili au tatu kutafuta chakula. Kivumbasi chako kikichanua kiangazi, mashamba yakiwa makavu, unawalisha watakaoingia kwenye matikiti ya jirani mvua zikirudi. Mpelekee mche mmoja wa kivumbasi jirani huyo, na mkiwa hapo hapo mkubaliane siku za kupuliza, wote wawili mkipuliza jioni.